Seli ya Muhogo na Seli ya Mtoto

Watoto, leo tuanze somo letu jikoni.

Mama ametoka shambani na kikapu cha mihogo michungu. Ameimenya, ameitia katika maji, na amefunika chombo. Wewe una njaa. Unamwuliza: «Mama, kwa nini tusiipike leo?» Anakujibu: «Ngoja, mwanangu. Hata kesho bado. Siku ya tatu tutaitoa.» Unamwuliza tena: «Kwa nini siku tatu?» Naye anasema: «Bibi yako alifanya hivyo, na mama yake alifanya hivyo. Anayekula mbele ya siku hizo hujitafutia taabu.»

Mama anasema kweli. Lakini sababu ya maneno yake imefichwa mahali padogo sana, pasipoonekana kwa macho. Imefichwa ndani ya seli. Tukijua namna seli ya muhogo ilivyojengwa, na namna seli ya mwili wetu ilivyojengwa, tutafahamu kwa nini siku tatu zile zinalinda miguu ya watoto, na hata uhai wao.

1. SELI NI NINI?

Tazameni nyumba ya shule. Ukiwa mbali unaona ukuta mmoja tu. Ukikaribia unaona ya kuwa ukuta ule umejengwa kwa matofali mengi, tofali juu ya tofali. Ndivyo lilivyo jani la mgomba, na mzizi wa muhogo, na ngozi ya mbuzi, na nyama ya mkono wako. Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa vipande vidogo sana. Kipande kimoja kinaitwa seli.

Lakini tusikosee. Tofali halina uhai: halili, halipumui, halikui. Seli inaishi. Inapokea chakula, inatumia hewa, inatupa takataka zake, inakua, na seli nyingi hujigawanya, moja ikawa mbili. Basi, ni afadhali kusema hivi: seli ni nyumba ndogo yenye uhai, na ndani yake mna kazi mchana na usiku.

Viko viumbe vyenye seli moja tu. Mfano ni amiba, yule mdudu mdogo anayeweza kuleta ugonjwa wa kuhara damu. Lakini mwili wa mtu mzima una seli karibu milioni 30 mara milioni 1. Seli nyingi ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Hata hivyo iko seli moja ambayo ninyi nyote mmekwisha kuiona: ni ile sehemu ya manjano ya yai la kuku. Yote ni seli moja, iliyojaa chakula cha kifaranga. Sisi huiita kiini cha yai. Shikeni vizuri jambo hili, kwa sababu baadaye tutatumia neno kiini kwa kitu kingine.

2. NANI ALIYEIONA KWANZA?

Zamani watu hawakujua habari ya seli, kwa maana hawakuwa na chombo cha kuionea. Chombo hicho kinaitwa mikroskopi. Kina vioo vinavyokuza kitu kidogo, hata mara 100 au mara 400.

Mwaka 1665, huko Uingereza, Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gamba la mti, lile linalotumiwa kuziba chupa. Alipokitazama kwa mikroskopi aliona vyumba vidogo vidogo, kama sega la nyuki. Akaviita kwa jina la vyumba, nalo ndilo jina la seli mpaka leo. Lakini gamba lile lilikuwa limekufa. Hooke aliona kuta tu. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kutoka.

Miaka michache nyuma yake, Antoni van Leeuwenhoek, mwuza nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, alijitengenezea vioo vidogo vyenye nguvu nyingi. Mwaka 1674 alitazama tone la maji ya ziwa, akaona viumbe vidogo vikiogelea ndani yake. Mtu huyu hakuwa mwalimu wa shule kubwa. Lakini alikuwa na mikono mizuri, na subira, na hamu ya kujua.

Mwaka 1831, Robert Brown wa Scotland aliona ya kuwa ndani ya seli za mimea mna kitu cha mviringo, akakiita kiini. Mwaka 1838, Matthias Schleiden alifundisha kwamba mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata, 1839, rafiki yake Theodor Schwann alionyesha kwamba miili ya wanyama nayo imejengwa kwa seli. Mwaka ule ule Schwann alikwenda kufundisha Leuven, katika Ubelgiji. Mwishowe, mwaka 1855, mganga Rudolf Virchow alisema kwamba kila seli hutoka katika seli nyingine iliyoitangulia. Hakuna seli inayozuka tu.

Basi muhogo na mtoto wanafanana kuliko tulivyodhani. Wote wawili wamejengwa kwa seli.

3. TUTAZAME KWA MACHO YETU

Seli ya mmea. Mwalimu anakata kitunguu. Kutoka upande wa ndani wa gamba moja nene anabandua ngozi nyembamba, inayopitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta. Anaiweka juu ya kioo kidogo pamoja na tone la maji, na tone moja la yodi, ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo mwuguzi huitia juu ya kidonda. Anafunika kwa kioo chembamba, kisha anaweka chini ya mikroskopi.

Mtoto wa kwanza anayetazama hushangaa: «Mwalimu, ni ukuta wa matofali!» Kweli, seli za kitunguu ni ndefu, zina pembe, zimepangwa moja kando ya nyingine bila nafasi katikati. Kuta zao zaonekana wazi. Katika kila seli mna doa moja la mviringo, lenye rangi kuliko mahali pengine. Ndilo kiini.

Seli ya mnyama. Katika somo hili, tukisema seli ya mnyama tunahesabu na seli ya mtu, kwa kuwa zote zimejengwa namna moja. Mwalimu anachukua kijiti laini kilicho safi, anakwangua polepole upande wa ndani wa shavu lake mwenyewe. Utando anaoutoa anaupaka juu ya kioo, anatia tone la dawa ya rangi, anafunika. (Kila mtu atumie kijiti chake, kisha kitupwe motoni.)

Sasa hatuoni matofali tena. Tunaona vitu kama majani yaliyoanguka juu ya maji: vimetawanyika, havina pembe sawasawa, vingine vimejikunja. Katikati ya kila kimoja mna kiini. Lakini ukuta mgumu haupo.

Tena seli hizi ni ndogo kuliko zile za kitunguu. Seli nyingi za kitunguu, 4 tu zikipangwa kwa urefu, zafika karibu milimita 1. Seli za shavu, labda 20 ndizo zinazotimiza milimita moja.

4. VITU VILIVYOMO KATIKA SELI ZOTE MBILI

Muhogo na mtoto wana vitu hivi sawasawa.

a) Utando. Ni ngozi laini mno inayozunguka seli. Kazi yake si kufunga tu. Utando ni kama mlinzi wa lango: maji yapite, sukari ipite kwa njia yake, takataka zitoke, na vitu vingine vizuiwe. Seli ambayo utando wake umepasuka inakufa.

b) Sitoplazma. Ni kitu kizito kidogo, kama uji mwepesi, kinachojaza seli. Ndani yake mna vyombo vyote vya kazi.

c) Kiini. Hiki si kama kiini cha yai. Kiini cha seli ni mahali panapowekwa amri zote za seli. Amri hizo zimeandikwa katika nyuzi ndefu na nyembamba sana, zinazoitwa ADN. Katika seli ya mtu nyuzi hizo zimekusanywa katika mafungu 46. Mtoto amepewa 23 na baba yake, na 23 na mama yake. Ndiyo sababu mtoto anafanana na wote wawili. Kabla ya seli kujigawanya, amri zote zinanakiliwa, ili kila seli mpya ipate zake.

d) Ribosomu. Ni mafundi wadogo mno, maelfu na maelfu. Wanafuata amri za kiini na kutengeneza protini, ndiyo vitu ambavyo mwili unajengwa kwavyo.

e) Mitokondria. Hapa tusimame kidogo, kwa maana jambo lote la leo linafika hapa. Mitokondria ni majiko ya seli. Jikoni kwenu kuni zinaungua kwa hewa, na moto unatoa nguvu ya kupika. Katika mitokondria, sukari ya chakula inaunganishwa na oksijeni, ile hewa tunayovuta puani. Nguvu inatoka, na seli inafanya kazi kwa nguvu ile. Moto huu hauna ndimi wala moshi, lakini ndio unaotupa joto la mwili. Seli ya moyo, isiyopumzika hata siku moja, ina majiko mengi sana. Majiko yakizimika, seli inakufa upesi.

Vyombo hivi vya ndani vilifahamika vizuri tangu kupatikana mikroskopi ya elektroni, inayokuza mara maelfu mengi. Wabelgiji wawili, Albert Claude na Christian de Duve, pamoja na George Palade aliyezaliwa Romania, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974 kwa ajili ya kazi hiyo.

5. VITU VITATU VYA SELI YA MMEA

Tumeona mambo ya kufanana. Sasa tuone mambo ya kuachana. Seli ya mmea ina vitu vitatu ambavyo seli ya mnyama haina.

Kwanza, ukuta. Nje ya utando, seli ya mmea imejijengea ukuta wa kitu kigumu kinachoitwa selulozi. Pamba, kamba ya katani na mbao, sehemu yake kubwa ni selulozi hiyo. Mti hauna mifupa, lakini unasimama mrefu kuliko nyumba, kwa kuwa kila seli yake ina ukuta wake. Seli ya mnyama haina ukuta, kwa hiyo ni laini, yaweza kujikunja na kujivuta. Ndiyo maana mbuzi anaruka na mti haurukiruki.

Pili, vakuoli kubwa. Katikati ya seli ya mmea mna kifuko kikubwa cha maji, kama mtungi uliowekwa katikati ya nyumba. Humo mmea unaweka maji, chumvi, sukari, rangi za maua, na hata dawa zake za siri. Mtungi ukijaa, unasukuma ukuta wa seli toka ndani, na jani linasimama imara. Maji yakipungua, jani linalegea. Mmeona majani yanavyolala saa saba ya mchana wakati wa jua kali, kisha yanasimama tena mvua ikinyesha. Seli za mnyama zaweza kuwa na vifuko vidogo, lakini si mtungi mkubwa namna hii.

Tatu, kloroplasti. Ni vidonge vidogo vya kijani. Katika seli za kitunguu hatukuviona, kwa maana kitunguu hukaa gizani mwa udongo. Ukitaka kuviona, chukua yale majani madogo sana yanayoota kama zulia la kijani juu ya mawe yenye unyevu. Jani lake ni jembamba hata lapitisha mwanga, na chini ya mikroskopi unaona kila seli imejaa vidonge vya kijani. Kazi yao ni ya ajabu. Kwa nguvu ya jua vinaunganisha maji yaliyotoka mizizini na hewa ya kaboni iliyoingia kwa matundu ya jani, vinafanya sukari, na vinatoa oksijeni. Hakuna mnyama anayeweza kazi hiyo. Mbuzi anakula jani, nasi tunakula nyama ya mbuzi. Tukifuata njia ile ya chakula mpaka mwanzo wake, tutakuta kloroplasti.

Sukari inayofanyika katika majani ya muhogo inashuka mpaka mizizini. Huko inageuzwa wanga, inawekwa katika seli kama unga ghalani. Ukidondosha yodi juu ya kipande cha muhogo, kinakuwa cheusi chenye buluu. Ndiyo alama ya wanga. Huo ndio bugali wetu.

6. SUMU ILIYOGAWANYWA KATIKA VYUMBA VIWILI

Sasa turudi kwenye chombo cha mama.

Muhogo ni mgeni wa zamani katika Kongo. Ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani za Afrika katika miaka ya 1500. Huko kwao na huku kwetu una adui wengi wanaotaka kuutafuna, lakini hauna miguu ya kukimbia wala pembe za kupigana. Unajilindaje? Unajilinda ndani ya seli zake.

Katika mtungi wa seli, yaani katika vakuoli, muhogo unaweka kitu kinachoitwa linamarini. Katika ukuta wa seli unaweka kitu kingine, linamaraze. Linamarini ikikaa peke yake ndani ya mtungi, haimdhuru muhogo. Linamaraze ikikaa peke yake ukutani, haidhuru. Ni kama kiberiti kilichowekwa katika chumba kimoja, na petroli katika chumba kingine. Seli inapokuwa nzima, vitu hivi viwili havikutani.

Lakini mdudu au panya akiuma, seli zinapasuka. Mtungi unamwagika, na linamarini inafika ukutani. Vitu viwili vinakutana, na mwisho wake siyanidi inatoka, sumu kali mno. Katika mihogo mitamu linamarini ni kidogo. Katika mihogo michungu ni nyingi. Kwa hiyo panya na nguruwe wa porini hawaipendi sana, na wakulima wengi wanaichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa angalia hekima ya mama. Mihogo ikikaa majini siku tatu, inachachuka na kulainika. Seli zinafunguka zenyewe, kidogo kidogo. Linamarini na linamaraze zinakutana humo humo majini, mbali na tumbo la mtoto. Sumu inatoka: sehemu inabaki katika maji yanayomwagwa, sehemu inapanda hewani wakati mihogo inapoanikwa juani. Unga unaobaki ni chakula chema. Mama hana mikroskopi, lakini mikono yake inajua njia ya kufungua seli.

Na sombe? Majani ya muhogo nayo yana vitu hivyo hivyo. Tunapoyatwanga sana katika kinu, kila pigo la mchi linapasua seli, ili sumu itoke kabla ya chakula kuliwa. Mtoto anayetwanga kwa uvivu, huyo anaacha seli nyingi nzima.

Wengine hufikiri: «Moto unamaliza yote, tuchemshe tu.» Sivyo. Ukichemsha mara moja vipande vikubwa vya mihogo michungu, moto unaharibu upesi ile linamaraze, lakini linamarini inabaki ndani. Mtu anaila, na tumboni mwake sehemu yake yaweza kugeuka sumu.

7. SUMU INAZIMA MAJIKO

Siyanidi inafanya nini ndani ya mtu? Inapita na damu, inaingia katika seli, inafika kwenye mitokondria. Hapo inashika kile chombo kinachopokea oksijeni, inakifunga. Mtu anavuta pumzi, damu inaleta oksijeni vizuri, lakini majiko hayawezi kuitumia. Ni kama nyumba yenye kuni na hewa, lakini moto umezimwa. Sumu ikiwa nyingi, kichwa kinauma, mtu anatapika, anaishiwa nguvu, na aweza kufa siku ile ile.

Sumu ikiwa kidogo, mwili unajua kuishinda. Unaigeuza kitu kisicho kikali, na kukitoa kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo mwili unahitaji salfa, nao unaipata katika protini, zaidi katika samaki, nyama na mayai. Mtu anayekula mihogo isiyotengenezwa vizuri, siku kwa siku, tena bila samaki wala nyama, huyo anapokea sumu mara nyingi bila silaha ya kupigana nayo.

Hapo ndipo unapokuja ugonjwa wa konzo. Jina hili ni la lugha ya Wayaka, watu wa Kwango, upande wa magharibi wa Kongo; maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1938 mganga Giovanni Trolli aliandika habari za wagonjwa wa Kwango. Konzo huwapata zaidi watoto waliopita umri wa miaka mitatu, na akina mama wenye umri wa kuzaa. Huja ghafula. Mtoto alicheza jana. Leo miguu yake imekazana, hawezi kutembea kama kwanza. Seli za fahamu zinazoshusha amri ya ubongo kwa miguu zimeharibika. Ugonjwa hauzidi siku kwa siku, lakini hauponi. Mtoto yule huenda akatembea kwa fimbo, au asitembee tena.

Watu wakiona jambo la ghafula namna hii hutafuta mtu wa kulaumu. Husema: «Amerogwa.» Humtazama bibi mzee kwa macho mabaya. Watoto, shikeni neno hili: konzo si kazi ya mchawi. Wala si ugonjwa wa kuambukiza, hata msiogope kukaa karibu na mwenzenu aliyepatwa. Sababu yake inajulikana: ni sumu ya mihogo isiyotengenezwa vizuri, pamoja na ukosefu wa chakula cha protini.

Na kwa nini mama anayejua kazi yake aharakishe? Mara nyingi si uvivu. Ni ukame, au vita, au njaa ya watoto wanaolia. Tena ni biashara. Wachunguzi waliona katika Bandundu kwamba, njia nzuri ya motokari ilipofika, wafanya biashara walitaka mihogo upesi kwa kuiuza mjini. Siku 3 za kuiacha majini zikapunguzwa, zikawa siku 1. Seli nyingi zikabaki hazikufunguka. Wakati wa kiangazi, samaki na maharagwe yalipopungua, konzo ikaingia vijijini.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache mihogo michungu majini siku tatu kamili, mpaka ilainike. Kisha tumwage maji yale, na kuianika sawasawa juani.

Pili, tutwange sombe vizuri, kisha tuipike.

Tatu, pamoja na bugali tule chakula cha protini kila tunapoweza: samaki wadogo, dagaa, mayai, maharagwe, karanga.

Nne, kama tunao unga tusioujua umetengenezwa namna gani, iko njia nyingine. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliichunguza, na tangu mwaka 2010 akina mama wa kijiji kimoja cha Popokabaka, katika Kwango, walifundishwa kuifuata. Unachanganya unga na maji, unautandaza mwembamba juu ya jamvi, unauacha saa 2 juani au saa 5 kivulini. Linamarini iliyobaki inakutana na linamaraze iliyobaki, na sumu inapanda hewani. Kisha unapika bugali wako siku ile ile, kama kawaida. Mahali hapo wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana tena wakati akina mama walipoifuata njia hiyo.

Jioni ya leo, mama akisema: «Ngoja, mwanangu, siku bado,» usinung'unike. Nenda ukachote maji, ukamsaidie. Na kama yeye mwenyewe amechoka, naye ataka kufupisha siku kwa sababu ya njaa, mwelezee kwa heshima jambo ulilojifunza: seli bado hazijafunguka.

KUMBUKA

Kila kiumbe chenye uhai kimejengwa kwa seli. Kila seli hutoka katika seli nyingine.

Seli ya mmea na seli ya mnyama zote mbili zina utando, sitoplazma, kiini, ribosomu na mitokondria.

Seli ya mmea peke yake ina ukuta wa selulozi, vakuoli kubwa katikati, na, katika sehemu za kijani, kloroplasti.

Muhogo unaweka linamarini katika vakuoli na linamaraze katika ukuta. Seli ikipasuka, zinakutana, na siyanidi inatoka.

Siyanidi inazuia kazi ya mitokondria. Maji, jua na siku tatu vinaitoa katika chakula chetu.

MAULIZO

1. Kwa nini tunasema seli si sawa na tofali?
2. Robert Hooke aliona nini mwaka 1665? Ni kitu gani ambacho hakukiona?
3. Taja vitu vitano vilivyomo katika seli ya muhogo na katika seli ya mtoto pia.
4. Mti hauna mifupa. Unasimamaje?
5. Kwa nini hatukuona kloroplasti katika seli za kitunguu?
6. Kwa nini linamarini haimdhuru muhogo wenyewe?
7. Mtu mmoja anasema: «Mihogo michungu ikichemshwa mara moja, inatosha.» Mjibu.
8. Mtoto wa jirani amepatwa na konzo, na watu wanamshtaki bibi yake. Utawaambia nini?

KAZI

Chukua mabakuli mawili ya maji. Katika moja tia vijiko vitatu vya chumvi, ukoroge. Kata vipande viwili vyembamba vya papai bichi, tia kimoja katika kila bakuli, ngoja saa moja. Kisha vikunje kwa vidole. Kimoja kimelegea, kingine kigumu. Chumvi imevuta maji kutoka katika mitungi ya seli. Chora seli ya kipande kigumu na seli ya kipande kilicholegea, ukionyesha ukuta, utando, kiini na vakuoli.